Mkono Usiojua Moto

Watu wanaoniuliza tofauti kati ya mkono wa bandia na mkono wa kuzaliwa nao huwa wameshajijibu wenyewe. Wanadhani nitasema wa bandia hauna nguvu. Nguvu unazo, tena za kutisha. Mkono wangu wa kulia uliweza kubeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi nyumbani bila kupumzika, wakati majirani zangu wenye mikono miwili mizima walikuwa wanatua njiani na kupuliza viganja. Shida yangu na mkono ule haikuwa nguvu hata siku moja. Shida ilikuwa kwamba haukuniambia kitu.

Nilikuwa kibarua kwenye kinu cha kuchambua pamba pale Bariadi, miaka ile soko huria lilipotufikia. Zamani pamba ilikuwa ya ushirika, na mkulima alitenga safi kwake na fifi, ile yenye madoa, kwake, ole wake anayechanganya. Mara wakaja wanunuzi binafsi, kila njia panda na mzani wake, na hakuna aliyekuwa na muda wa kutenga tena. Safi, fifi, mchanga, majani makavu, vyote viliingia gunia moja ilimradi lori liondoke limejaa kabla ya lori la mwenzake. Pamba ya namna hiyo inakwama kwenye rola za mashine, na kazi yangu ilikuwa kuikwamua. Siku moja rola hazikunisubiri nitoe mkono. Sitasimulia zaidi ya hapo, maana mji mzima ulishasimulia kwa niaba yangu, na wapo walioniua kabisa wakanizika.

Nilibaki na kigutu chini kidogo ya kiwiko. Kilipopona nilipelekwa Mwanza, kwenye hospitali iliyokuwa na karakana ya viungo vya bandia. Fundi alikuwa kijana mwenye usingizi, karanga zimejaa mfukoni. Aliniingiza kigutu ndani ya kikombe kigumu cha plastiki, akanipitishia mikanda mgongoni hadi bega la pili, akaniambia nisukume bega mbele. Waya ulivuta, na vidole viwili vya chuma vilivyopinda kama koleo vikafunguka. Nikalegeza bega, vikajifunga vyenyewe kwa nguvu ya mipira iliyovishwa kwenye shina lake.

"Kushika ni kazi ya mpira," alisema huku anatafuna. "Kazi yako wewe ni kuachia."

Nilirudi na maneno hayo Bariadi, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kijana yule alinipa kila kitu kwa sentensi mbili. Mkono wa kuzaliwa nao unatumia jasho kushika. Ukisinzia unaachia, ukishtuka unaachia. Wa chuma ni kinyume: ukiusahau ndiyo umeshika. Halafu kuna macho. Mkono wangu wa kushoto unaweza kupapasa kiberiti chini ya mto huku mdomo unaendelea na umbea. Wa kulia haukuweza kupata hata mpini wa mlango nisipoutazama. Kila ulichofanya ilibidi macho yangu yaende nao, na ndiyo maana jioni nilikuwa nachoka kichwa kuliko mwili.

Tofauti nyingine ilikuwa furaha ya mume wangu. Yeye alikuwa fundi baiskeli, kibanda chake mbele ya nyumba yetu, kando ya barabara ya malori. Ngozi yangu ikichubuka inapona bure. Mkono wa chuma ulikuwa unataka fundi. Mipira ya hospitali ilipokatika, alikata pete za tyubu ya baiskeli akanivisha. Waya uliponyofoka, alinifungia waya wa breki. "Mke wangu anakula breki kuliko mteja yeyote," alikuwa anawaambia wenzake, na mimi namjibu kwamba hata hivyo silipi. Alinioa nikiwa na mkono ule ule, hakuwahi kuuangalia kwa huruma, na kwa hilo nilimpenda hadi naona aibu kusema.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo fundi wa Mwanza hakulijua, na mume wangu hakuliwazia kwa sababu ni mwanamume. Uhai wangu ulikuwa umebaki kwenye mkono wa kushoto. Kwetu Usukumani, kama kwa watu wengi, humpi mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto. Unatoa kwa wa kulia, na wa kushoto unaushikilia wa kulia kwenye kiwiko, na ukiwa mkwe unapiga magoti. Kwa hiyo mkono wangu wenye akili ulikuwa mkono usio na adabu, na mkono wenye adabu ulikuwa chuma kitupu. Mtu baki nilimpa kwa kushoto nikasema samahani. Mama mkwe wangu nisingeweza. Nilikuwa naona bora nimwage kuliko nimpe kwa kushoto.

Nilipopata mimba, hofu ikanikalia. Wanawake wenzangu waliogopa uchungu wa kuzaa. Mimi niliogopa siku ya pili yake. Nilichukua boga, nikalifunga kwenye kitenge, nikaanza kufanya nalo mazoezi uani: kulibeba, kuliweka begani, kulilaza kwenye beseni na kulimwagia maji. Boga la kwanza lilichubuka ubavuni, alama mbili za vidole. Nililia nikiliangalia. Mume wangu akalipika, akasema mtoto wetu ni mtamu, na badala ya kucheka nilikataa kula.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na mama mkwe akaja kutoka kijijini kwake Ngulyati kuniuguza uzazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima wa pamba tangu utoto, mwenye mikono iliyokomaa na maneno machache. Alimwogesha mtoto kwa mkono mmoja tu, wa pili amemkinga shingo, na alipokuwa anamgeuza mimi nilikuwa nahesabu mikono yake kwa wivu. Hakunikataza kumshika. Alikuwa anamweka kwenye mkono wangu wa kushoto, kisha anakaa karibu, magoti yake yakigusa ya kwangu. Nilijua yupo karibu kwa sababu gani. Sikumlaumu, na nilimchukia kidogo.

Asubuhi moja nilitaka kumwonyesha kwamba nimeshapata nguvu. Niliamka kabla yake, nikawasha jiko la mkaa, nikachemsha uji. Hapa ndipo mkono wa chuma ulipokuwa ukinipa majivuno. Sikuhitaji kitambaa kushika sufuria. Nilipanga makaa kwa vidole vile, nikashika ukingo wa sufuria inayochemka nikaikoroga taratibu, naye mama mkwe anatazama akiwa ameketi kwenye kigoda. Nikajaza uji kwenye kikombe cha bati, nikakikamata sikio lake kwa chuma, nikapiga magoti mbele yake. Mkono wa kushoto nikaushikiza kwenye kiwiko cha kulia, kama nilivyofundishwa na mama yangu. Hapo kwenye kiwiko ni plastiki. Plastiki ilikuwa baridi.

Mama mkwe alipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa mkwe akikupa kwa heshima. Viganja vyake vilifunika kikombe pamoja na vidole vyangu vya chuma.

Niliona macho yake yakibadilika. Hakupiga kelele, hakuachia. Aliteremsha kikombe polepole hadi chini, tone halikumwagika, akasema, "Wabeja, mayu." Asante, mama: alishukuru kwanza. Ndipo akageuza kiganja cha kulia akakitazama. Vidole vyangu vilikuwa vimemchora mistari miwili, ngozi imeshaanza kuvimba.

Chuma kilikuwa kimekaa kwenye moto muda wote ule, kikanyonya moto, na hakikunipa habari. Mkono wangu wa kuzaliwa nao ungeruka wenyewe kabla hata sijafikiri. Nilimmwagia mama mkwe maji baridi kiganjani, nikamwomba radhi mpaka sauti ikakauka. Alikuwa anasema, "Mhola duhu, mhola duhu," kwamba ni salama tu, hakuna neno. Lakini mtoto alipolia ndani, tulinyanyuka wote wawili kwa pamoja, na yeye akawahi. Nikabaki nimesimama uani na kile chuma, sijui nikiweke wapi.

Kabla hajarudi Ngulyati alisema na mwanawe, nami nikiwepo.

"Mtoto akiacha ziwa nitakuja kumchukua. Wa kwanza ni wa kwetu sisi wazee."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Ni kweli, kwetu mtoto wa kwanza mara nyingi hulelewa na bibi yake, na yeye mwenyewe alikulia kwa bibi. Mama yake alipoondoka nilimuuliza mume wangu kama ni mila au ni mkono.

"Ni mila," alisema.

"Ungekuwa na mke wa mikono miwili, angemchukua?"

Alichukua spana akaanza kukaza tairi ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Sikumlaumu, kwa sababu kilichoniuma zaidi kilikuwa kwamba hata mimi nilikuwa upande wa mama yake. Nani angemwachia mtoto mtu ambaye mkono wake hauoni moto?

Kuanzia siku hiyo sikumgusa mwanangu kwa mkono wa kulia bila kwanza kuugusisha shavuni kwangu. Shavu linajua. Linajua moto, linajua baridi ya asubuhi, linajua kama chuma kina ncha inayoparuza au mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Nilikuwa nauweka shavuni, nasubiri kidogo, ndipo nauteremsha kwake. Hata kama sijakaribia jiko siku nzima, nilifanya hivyo. Hata nikiwa na haraka. Jirani aliniuliza kama nina jino linaniuma, nikasema ndiyo, maana ni rahisi kueleza jino kuliko kueleza hofu.

Na hofu haikupungua. Mtoto alipoanza kutambaa niliona kila kitu kama adui: jiko, beseni, panga, malori. Alipoanza kusimama kwa kushikilia vitu, alikuwa akipenda kushikilia vidole vyangu vya chuma kuliko mkono wa nyama, labda kwa sababu havikuwa vinatikisika. Mimi nilikuwa natikisika. Nilichelewa kumwachisha ziwa. Wenzangu walianza kunitania, "Huyo atanyonya mpaka aolewe?" Nilicheka nao. Walikuwa wanajua dawa za kupaka kwenye chuchu ili mtoto achukie, wananitajia moja baada ya nyingine. Sikupaka hata moja. Kila siku aliyonyonya ilikuwa siku ambayo hakuna wa kumchukua.

Kuna siku moja ya msimu wa pamba ambayo bado inanitoa jasho. Malori yalikuwa yanapita mbele ya kibanda tangu asubuhi, mawingu ya vumbi, pamba imetapakaa kingoni mwa barabara. Mwanangu alikuwa ameshajua kutembea, mwendo wa kuyumba, na pamba ile nyeupe ilimvutia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono wa kushoto umeshika sahani, nilipoona anashuka ukingo wa barabara, na lori linarudi kinyumenyume. Niliweza kumfikia kwa kulia tu. Nilisukuma bega, vidole vikafunguka, nikalegeza, vikajifunga kwenye mgongo wa gauni lake.

Hapo ndipo mwili mzima uliponiambia niruke mbele. Na kuruka mbele, kunyoosha mkono, kusukuma bega, vyote hivyo ndivyo vinavyofungua chuma. Mwanamke mwingine angemwokoa mwanawe kwa kufanya kile ambacho hofu inamwambia. Mimi ilibidi niikatalie. Niliganda. Nilirudisha bega nyuma, polepole, na mtoto akarudi nalo, anavutwa kwa gauni kama kifaranga, anapiga kelele kwa hasira ya kunyimwa pamba. Lori likapita pale alipokuwa. Nyuma yangu nikasikia spana ya mume wangu ikianguka chini. Mikono yake miwili, mizima, ya fundi, ilikuwa imeachia kwa mshtuko.

Alikuja akakaa chini kwenye vumbi pamoja nasi. Gauni lilikuwa bado limeshikwa. Nilikuwa siwezi kuliachia, kwa sababu bega langu lilikuwa limekataa kusogea. Akavifungua vidole yeye, taratibu, kama anafungua mnyororo uliokwama. "Mama hapaswi kujua," alisema. Nikamwambia ajue au asijue, mimi nimeshajua. Nilichojua sikukisema: kwamba mkono ule uliomchoma mama yake ndio ulioshika, na kwamba hilo halikunitoa hofu hata kidogo. Ingekuwa jiko badala ya lori, ingekuwa chuma cha moto kwenye mgongo wa mtoto. Nililala na mawazo hayo na nikaamka nayo.

Mama mkwe alikuja baada ya mavuno. Mtoto alikuwa ameshaacha ziwa mwenyewe, bila dawa, siku tatu tu kabla, kana kwamba aliitwa. Bibi yake alikuja na kitenge kipya, hakijafuliwa, kimekunjwa vizuri. Nilijua ni cha nini. Cha kumbebea mgongoni hadi Ngulyati.

"Mwadila," alisalimia.

"Mwadila, mayu." Nilipiga magoti. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Aliketi kwenye kigoda kile kile. Nguo za mtoto nilikuwa nimeshazifua na kuzifunga kwenye kifurushi, kwa sababu nilijua sitagombana naye. Ningegombana vipi na ile mistari miwili? Ilikuwa bado ipo kwenye kiganja chake, myeupe, niliiona alipokuwa anakunja kitenge magotini. Nilimwita mtoto aliyekuwa anachezea kokoto mlangoni.

"Njoo umpe bibi mkono."

Alikuja kwa mwendo wake wa kuyumba, akasimama mbele ya bibi yake. Bibi akanyoosha mkono. Mtoto hakuupokea. Aliinua kiganja chake mwenyewe, kile kidogo chenye vumbi, akakiweka shavuni kwake. Akasubiri. Alisubiri kwa makini, ametazama juu, kama anasikiliza kitu. Kisha akakitoa shavuni, akampa bibi.

"Anafanya nini huyu?" mama mkwe aliuliza.

Nilikuwa sijawahi kuona akifanya vile, au niliona bila kuelewa. Sikumfundisha. Alikuwa tu amekua akiona kwamba mkono, kabla haujamgusa mtu, hupita shavuni kwanza. Alidhani hivyo ndivyo watu wote wanavyosalimiana. Nikasema ninakwenda kuleta maji.

Mama mkwe alikaa pale alasiri nzima akinitazama ninavyofanya kazi. Nilimnyanyua mtoto kumtoa karibu na jiko: chuma shavuni, kisha kwa mtoto. Nilimfuta makamasi: chuma shavuni kwanza. Kila nilipofanya nilijua anaona, na nilitaka kuacha kwa aibu, lakini nisingeweza kuacha. Mtoto aliposinzia mapajani mwake, akaniita.

"Lete mkono."

Nilinyoosha wa kushoto.

"Ule mwingine."

Nikampa. Aliushika kwa kiganja chake chenye alama, akauinua, akaugusisha kwenye shavu lake. Alikuwa na shavu kavu, lenye mikunjo ya jua. Mimi sikusikia chochote, si ngozi yake, si pumzi yake. Niliona tu kwa macho kwamba amefumba yake.

"Umepoa," alisema.

"Ndiyo, mayu."

"Unafanya hivi tangu lini?"

"Tangu siku ya uji."

Alikunjua kitenge kipya, akaniwekea magotini. "Mbebe wewe," alisema. "Mimi mgongo umechoka." Si kweli. Mgongo wake ulikuwa unabeba magunia.

Sikuweza kushukuru kama inavyotakiwa. Nilisema wabeja, nikasema tena, kisha nikalia mbele ya mkwe, jambo ambalo halifanywi, naye akajifanya anamfukuza kuku.

Asubuhi mume wangu alitoa baiskeli kumrudisha mama yake Ngulyati. Nilisimama mlangoni, mwanangu mgongoni kwenye kitenge kipya, ncha moja ya fundo nimeishika kwa chuma. Hofu ilikuwa bado ipo. Bado ipo hata leo, na mwanangu ana watoto wake. Mama mkwe alishapanda kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kisha akashuka tena, akaja kumuaga mjukuu wake. Aliweka kwanza kiganja chake shavuni kwake, akasubiri kidogo, ndipo akampa mkono.